Njia Niliyoifunga kwa Kayaba

Kwako Cherotich,

Salamu sina za kukutumia, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukipigana na zipu ya sanduku. Mtu hawezi kumwandikia hujambo mtu ambaye anamsikia akikohoa. Lakini tangu Jumapili mimi na wewe tunaongea kupitia kwa mama yako. "Mwambie baba chai iko mezani." "Mwambie Cherotich nimesikia, mimi si kiziwi." Mama yako amechoka kuwa simu. Leo jioni ameniwekea kalamu na karatasi mbele yangu akasema, "Andika, Baba Cherotich. Mdomo wako umeshindwa, tujaribu mkono." Halafu akaenda zake jikoni.

Basi naandika. Wajua nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini darasa la tatu la wakati ule lilikuwa na adabu kuliko fomu foo ya siku hizi. Usicheke mwandiko. Mkono umefura, nimeufunga kitambaa, na sababu utaijua ukisoma mpaka mwisho. Usiruke. Nakujua, unaruka.

Mambo ya sweta na pasipoti kwa safari yako ya kesho mama yako ameshasema, pasta akarudia, na shangazi zako wakaongeza chumvi. Mimi hayo siyataki. Nataka tuanze na miguu yako.

Jumapili, kwenye karamu ya kukuaga, watu wote walisimama mmoja mmoja wakasema hiyo miguu ni ya Mungu. Sawa. Lakini Mungu alipitia kwangu. Wakati mimi nabeba maziwa, baiskeli ilikuwa blakmamba, chuma tupu, haina gia. Gia ilikuwa paja. Mkebe mmoja kushoto, mwingine kulia, wa tatu nyuma umefungwa kwa mpira wa tyubu. Breki zilikuwa pambo. Nikitaka kusimama nilikanyaga gurudumu na gambuti. Kutoka hapa mpaka Kaplong marram tupu, na mvua ikinyesha matope yanakushika kama mtoto anayekataa kuachwa. Na siku moja niliteremka mpaka Fort Ternan kule kwenye reli, kwa harusi ya binamu, nikarudi na mzigo wa miwa na sikushuka kwenye baiskeli hata kwa ule mlima ambao malori yanalia. Uliza watu. Wengi wamekufa, lakini uliza waliobaki.

Sasa ati hiyo kazi yetu wazungu wameifanya mchezo. Graveli. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuuliza, graveli ni nini? Ukasema, "Ni barabara ambayo haina lami, Baba." Nikacheka mpaka mama yako akaja kuangalia. Sisi tumemlilia kila mbunge tangu nikiwa kijana atuwekee lami, kumbe kuna watu wamepewa lami yote wanayoitaka mpaka wamechoka nayo, sasa wanapanda ndege kutafuta vumbi. Na msichana wangu ndiye anaenda kuwaonyesha namna ya kulila.

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na uchungu. Watu walipanda barabara hizi kwa sababu hawakuwa na nyingine. Hakuna aliyenipiga makofi nikifika Kaplong. Nilipigiwa kelele tu kwamba nimechelewa.

Kuna kitu unakijua nusu, nataka ukijue chote kabla hujaenda kwa hao watu.

Ile estate ya chai iliyo juu yetu, kabla haijawa estate, njia ya babu yangu ilipita katikati yake. Ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kulamba udongo wa chumvi kule bondeni. Babu alipitisha ng'ombe pale mpaka siku alipokuta miche ya chai imesimama juu ya nyayo za ng'ombe wake. Hakuulizwa. Akapewa upande huu wa mawe, ndipo tuko.

Mimi nilipokuwa wa maziwa, ukikata ndani ya estate, Kaplong iko karibu. Ukizunguka kwa juu, jua linakukuta njiani, maziwa yanachachuka na mtu wa deri anayakataa. Kwa hivyo nilikuwa napenya asubuhi na mapema katikati ya mistari ya chai, nikisukuma baiskeli ili mikebe isipige kelele. Siku moja askari wa geti akanishika. Usifikirie alikuwa mzungu. Usifikirie alitoka mbali. Tulitahiriwa mwaka mmoja, mimi na yeye, na tulikuwa tunaimba kwaya moja.

"Rudi upite juu," akasema.

"Juu ni mbali. Maziwa yatachachuka."

"Basi yachachuke."

"Wewe unajua njia hii ni ya nani."

"Ilikuwa," akasema.

Kisha akafungua mkebe wa kwanza akaumwaga. Akafungua wa pili. Wa tatu ulikuwa umekaza, nikamwona anahangaika na kile kifuniko, na mimi nimesimama pale kama ng'ombe. Kwetu maziwa hayamwagwi chini, Cherotich. Hata mtoto mdogo akimwaga kikombe anajificha. Na yeye alijua, maana alikuwa anatazama pembeni wakati anamwaga. Nikarudi nyumbani na mikebe mitupu ikigongana njia nzima, kila mtu akitoka kuangalia ni harusi gani inapita.

Siku hiyo niliapa. Nilisema mimi kwa ardhi yangu sitamfungia mtu njia. Nilikuwa kijana, sikuwa na ardhi. Kuapa ni rahisi ukiwa huna.

Sasa Onyango.

Wewe unampenda Onyango, najua. Hata mbwa wetu anampenda. Alikuja hapa kijana kutoka upande wa ziwa, akafanya kazi kiwandani kwenye mashine za kukausha majani mpaka mvi zikamtoka, akanunua kile kipande ng'ambo ya kijito. Sikuwa na ubaya naye. Njia ilitoka kwake, ikavuka kijito, ikapanda katikati ya chai yangu mpaka hapa juu kwenye senta ya majani, pale karani anapopima chai. Watu wa ng'ambo waliitumia kuleta majani senta, na sisi wa huku tuliitumia kushuka kwa lami. Hakuna aliyeitengeneza. Ilikuwepo tu, kama kilima.

Halafu ikaja siku ya kuchagua mwenyekiti wa senta. Mimi nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nilijua hata nitakalosema. Nilichinja mbuzi kabla ya kura, Cherotich. Mtu mwenye akili huchinja baadaye. Wakala mbuzi wangu, wakapangusa midomo, wakamchagua Onyango. Na yeye akasimama pale akisema, "Arap Koech ni mkubwa wangu, nitakuwa namuuliza kila kitu." Hiyo ndiyo iliniua. Angenitukana ningepona haraka.

Kesho yake nilienda kutafuta miche ya kayaba, ule mti wa ua wenye miiba mirefu. Nikapanda safu tatu kwenye mdomo wa chini wa njia, pale karibu na kijito, na seng'enge mbele yake mpaka miiba ishike. Mama yako alisimama hapo na kikapu mgongoni akaniuliza, "Sasa watu watapita wapi?" Nikasema, "Mwenyekiti azunguke."

Na alizunguka. Lakini hakuzunguka peke yake. Wanawake wa ng'ambo wakaanza kubeba majani kwa ule mgongo wa juu, jua likiwachoma. Wewe umechuna chai, unajua. Majani yakikaa sana kwenye gunia yanashika moto ndani kwa ndani, yanakuwa mekundu, na karani anatia mkono mara moja tu anasema ondoa. Walikuwa wanamwaga majani yao hapo nyuma ya senta. Niliona rundo. Nilipita karibu nalo nikajiambia kwamba hiyo ni kazi ya mwenyekiti, si yangu. Na mama yako, ambaye hakumpigia mtu kura wala hakupanda mwiba, akawa anakaa peke yake kwenye benchi la senta kama mgeni. Akija anaongea, wanajibu. Asipoongea, hawaongei. Hakuniambia hata siku moja. Niliona mwenyewe, nikanyamaza, maana kama ningesema nimeona ingebidi nifanye kitu.

Wewe ulikuwa na baiskeli yako tayari. Ulikuwa unashuka hiyo njia asubuhi, unavuka kijito na baiskeli begani, halafu unaingia marram za ng'ambo mpaka chakula cha mchana. Nilipoifunga ulikuja kuangalia. Ulisimama mbele ya seng'enge na kofia yako ya plastiki kichwani, ukaniangalia, ukageuza baiskeli. Ukawa unazungukia lami, pamoja na malori.

Ile siku ya lori la majani sitaiandika sana. Lilikusukuma kwenye mtaro, mfupa wa bega ukavunjika, dereva hakusimama. Na ni nani alikuokota? Onyango, akienda senta kwa miguu kwa njia ndefu. Akasimamisha boda, akakaa nyuma yako akakushikilia kifuani mpaka hospitali Kaplong, damu yako ikikauka kwenye shati lake la kanisani.

Sasa sikiliza akili ya babako ilivyofanya kazi. Miaka hii yote, mtu akinigusia habari ya njia, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nasema, "Kama nisingeifunga, Onyango asingekuwa kule barabarani, na Cherotich angekufa kwenye mtaro." Nililisema kwa pasta. Nililisema kwenye kokwet mbele ya wazee wote wa kijiji, wakaangalia viatu vyao. Nililiona jibu zuri sana. Mtu mkaidi hakosi jibu, Cherotich. Anakosa watu wa kumjibu. Mwishoni unabaki na jibu lako mkononi, na chumba hakina mtu.

Na uliposhinda Kericho, ule ushindi wa kwanza baada ya bega kupona, watu walikungoja kwa lami na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na wakakuvalisha sinendet shingoni, ule mmea wetu wa kutambaa wa washindi, kama inavyofaa. Mimi sikuja. Nilikuambia nilikuwa na ng'ombe mgonjwa. Hakuna ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Nilisikia kwamba Onyango ndiye anaongoza wimbo, nikakaa hapa kwenye kiti hiki nikisikia mkiimba kule chini. Nilijua kila wimbo. Mlikosea mmoja.

Halafu akaja yule mzungu wa graveli, Robin, na wenzake kwa baiskeli, wamejaa matope kama nguruwe na wanafurahi. Walitoka ng'ambo wakifuata ramani ya simu, wakafika kwenye kayaba wakakwama. Nikamsikia akiita. Nikashuka na panga, si kwa ubaya, panga ni la kutembea. Yeye upande ule, mimi upande huu, na wewe, uliyeshuka nyuma yangu, katikati unatafsiri, ingawa nusu nilielewa bila wewe.

"Ramani inasema hapa kuna njia," akasema.

"Ramani yako inadanganya," nikasema.

Akaangalia simu, akaangalia kayaba, akaniangalia mimi. Si mjinga yule. Akasema, "Hii ramani haidanganyi, mzee. Imechelewa kupata habari."

Wakazunguka, ukaenda nao kuwaonyesha, na ukawaacha wote kwenye mlima wa kwanza. Hapo ndipo ilipatikana hii kazi yako ya kwenda kwao kuongoza waendesha baiskeli. Usiku ule walikula hapa, na Robin akanionyesha picha za kwao. Kilima cha kijani, kilima kingine cha kijani. Kondoo. Ukuta wa mawe. Kanisa dogo ambalo halina mtu. Njia nyeupe nyembamba inapita katikati ya shamba la ngano, imenyooka, na baiskeli mbili tu juu yake. Nikamuuliza, "Watu wako wapi?" Akasema watu wako mjini, huko ni kimya, ndiyo maana waendesha baiskeli wanapapenda.

Nikamuuliza, "Na mwenye shamba?"

"Yupo. Nyumba yake ndiyo ile."

"Anawaruhusu?"

Akacheka. Akasema, "Hatumwombi ruhusa. Njia ni ya zamani kuliko yeye. Watu walipita hapo na ng'ombe na farasi tangu zamani, kwa hivyo sheria inasema wataendelea kupita. Hata awe tajiri namna gani, hawezi kuifunga. Kuna geti, unafungua, unapita, unafunga nyuma yako ili kondoo wasitoke."

Wewe ulikuwa unatafsiri huku unatafuna mahindi. Hukuona uso wangu, na nilifurahi hukuuona.

Kumbe walijua. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kooni. Nilidhani wale waliopanda chai juu ya njia ya babu yangu walikuwa watu wasiojua njia ni nini, kwamba kwao hakuna kitu kama hicho, labda wanatembea popote kama mbuzi. Kumbe kwao njia ya ng'ombe ni kitu cha heshima. Kumbe nyumbani kwao tajiri anafungua geti. Wakaja hapa wakaiacha hiyo heshima kwenye meli.

Na sasa unaenda kupita kwenye njia zao, unawaongoza wageni wao, ukifungua na kufunga mageti yao. Nilikasirika, si kwako, lakini wewe ndiye ulikuwa karibu. Kila uliposema habari ya safari nilikuwa na neno. Mvua yao haiishi. Chakula chao hakina chumvi. Nilitafuta ubaya wa kila kitu, na ubaya wenyewe ulikuwa mmoja tu: kwamba wao wana kitu ambacho walituchukulia, na wamekitunza vizuri.

Halafu Jumapili. Tuandike na hiyo, kama mama yako anavyotaka. Pasta alikuwa ameshaomba, chakula kimeiva, kibuyu cha mursik kiko karibu na mguu wangu tayari kwa baraka. Onyango akasimama. Akasema, "Huyu Cherotich ni mtoto wetu sote." Neno la kawaida tu. Kila mtu husema. Na mimi nikasema kwa sauti, "Mtoto wako? Wewe ulimzaa wapi?"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Wewe hukucheka. Ukasimama na sahani mkononi.

"Alinizaa kwenye mtaro, Baba," ukasema. "Kwa lami. Mahali uliponituma."

"Mimi sikukutuma kwa lami."

"Ulifunga njia. Baba, umetusimulia habari ya maziwa yako tangu tukiwa wadogo. Yule askari, yule askari. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya maziwa yako. Na wewe ndiye askari wa geti. Huko ninakoenda njia hazifungwi na mtu aliyekasirika. Weka maziwa yako. Nitaenda bila."

Halafu ukaketi, ukaendelea kula. Hilo lilinishangaza, kwamba uliweza kula.

Nilitaka kukujibu. Nilikuwa na lile jibu langu la Onyango barabarani, nikalitafuta, nikafungua mdomo, likakataa kutoka. Nikaondoka mezani nikaenda kwa ng'ombe. Nilikaa na ng'ombe mpaka wageni wote wakaenda. Nilikuwa nimekasirika sana, na bado nimekasirika kidogo, maana ulinisema mbele ya watu, na mbele ya yule. Hilo sitalisahau haraka. Lakini yule askari, ile asubuhi, kama mtu angemwambia mbele ya kwaya nzima, pengine mkebe wa tatu asingeumwaga.

Leo asubuhi mama yako alipokupeleka kwa shangazi kuagana, nilichukua jembe, shoka na panga nikashuka mpaka kijito.

Ni uzee unaonidanganya, au zile kayaba zilikuwa zimekuwa miti. Nilipanda kwa hasira na zikamea kwa hasira. Mwiba wa kayaba ukiingia, unavunjikia ndani. Glavu sikuchukua, nani ana glavu? Nilianza na seng'enge, halafu safu ya kwanza. Jua lilipopanda nikasikia mtu anakohoa upande wa pili. Onyango, na kipande cha muwa mdomoni.

"Arap Koech. Unachimba kisima?"

"Endelea na safari yako."

"Nitaendelea vipi? Hapa hakuna njia." Akaketi kwenye jiwe. Akatafuna. "Ile ya kushoto imekuzidi nguvu."

"Haijanizidi. Naipumzisha."

"Sawa. Ipumzishe. Hata mimi naona imechoka."

Akakaa pale, Cherotich! Akakaa na muwa wake akinihesabia miti kama kondakta. Nikimaliza mmoja anasema, "Pole kwa marehemu." Nilitaka kumrushia jembe. Baada ya safu ya pili akavua koti akasema, "Mzee, nipe shoka, mkono wako unatoka damu."

"Sijakuita."

"Sijasema umeniita."

"Nilipanda peke yangu, nitang'oa peke yangu."

Akavaa koti tena. Akasema, pole pole, bila utani sasa, "Hata kung'oa unataka uwe mwenyekiti." Akaondoka kwa njia ndefu, ingawa pale nilikuwa nimeshafungua nafasi ya mtu kupita. Nafikiri alikuwa ananingoja niseme pita. Sikusema. Nilikuwa na neno hilo mdomoni kabisa, na nikalimeza, na yeye akanyanyua mguu akaenda akizunguka, mtu mwenye magoti mabovu.

Kwa hivyo usifikirie kwamba babako amekuwa malaika kwa siku moja.

Lakini nimeng'oa. Safu zote tatu. Vijana wa siku hizi wangechukua wiki nzima na wangetaka chai katikati. Mkono ndio huu umefura, na mama yako alipouona akaleta maji ya chumvi. Katika ile safu ya mwisho nilikuta sinendet imepanda yenyewe juu ya miiba, imejizungusha vizuri kabisa, majani mabichi. Sikuikata. Nimeichomoa polepole nikaitundika kwa tawi.

Sasa nisikilize, haya ndiyo maagizo yangu peke yake.

Huko kwao, ukifungua geti la mtu, lifunge. Ukikutana na mwenye shamba, msalimie wewe kwanza, hata kama amenuna, maana labda babake alimwachia hiyo njia kama deni na hajui namna ya kulipenda. Ile kimya yao itakuuma siku za kwanza. Kimya ya kwetu ina ng'ombe ndani yake, ya kwao ni tupu. Usikae nayo sana peke yako. Na wakikwambia kwamba unapanda milima hivyo kwa sababu mlizaliwa hivyo huko kwenu, waambie hapana. Waambie kuna mzee mmoja alibeba maziwa.

Na siku mtu akikushinda halafu akakusifu, mwache akusifu. Usiende kutafuta miche.

Gari la kesho mama yako ameliita lije mpaka hapa nyumbani kwa barabara ya juu. Mwache mama yako aingie na sanduku. Wewe chukua baiskeli yako hiyo kuukuu unayoiacha, na ushuke kwa njia. Gari litakungoja kwa lami, ng'ambo, karibu na kwa Onyango. Mimi nitakuwa pale kwenye kijito na kibuyu. Ukitaka kusimama, simama. Nitakunyunyizia maziwa kifuani kama baba anavyomfanyia mtu anayekwenda mbali, na ile sinendet ni yako, imechelewa tu. Ukiona bado umekasirika, pita bila kusimama. Sitakuita. Nitaona umepita, inatosha. Baiskeli uiache pale kwa lami, mimi nitairudisha nyumbani. Nitaipanda, si kuisukuma. Usimwambie mama yako.

Jambo moja. Kuna kisiki. Ile kayaba ya kushoto aliyoisema Onyango, shina nimelikata lakini mzizi umekwenda chini ya jiwe, na kwa mtu mmoja haiwezekani. Kwa watu wawili ingetoka. Kimebaki kimesimama kama ngumi, katikati kabisa ya njia, na kukiwa na ukungu hutakiona mpaka umefika juu yake.

Shika upande wa kulia. Na ukifika hapo, inua gurudumu la mbele.

Ni mimi babako,
arap Koech